Mtungi Uliofunikwa Kitambaa

Nilipoingia sebuleni kwa shangazi yangu pale Dumila, mkoani Morogoro, kitu cha kwanza kilichonivuta macho kilikuwa kimesimama pembeni mwa kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Nilidhani ni stuli. Nilipokisogeza ili nipitishe mfuko wa mchele niliokuja nao, kilitoa mlio wa chuma kitupu, nami nikatambua kwamba ni mtungi wa gesi wa kilo 6, uleule ambao mwaka uliotangulia alinipigia simu kwa furaha kunieleza kwamba ameupata kwa nusu bei, kwa ruzuku ya serikali, pamoja na kichomeo chake.

"Umeisha tangu kabla ya mfungo," alisema kabla sijauliza. "Nikiuacha nje utashika kutu."

Uani, mjukuu wake alikuwa akipepea jiko la mkaa lililobeba sufuria ya maharage.

Nilimuuliza kwa nini hakuujaza. Hakukasirika wala hakulalamika. Alinieleza kwa utulivu kwamba kuujaza ni shilingi 24,000 kwa mkupuo mmoja, na kwamba fedha ya namna hiyo haijawahi kukaa mkononi mwake bila kuitwa na ada, dawa au msiba. Kisha akaniuliza swali ambalo limenikosesha raha kwa wiki kadhaa sasa.

"Mkaa mimi nanunua wa elfu moja. Gesi ya elfu moja wanauza wapi, mwanangu?"

## Kinachohesabiwa na kinachopikiwa

Naomba nieleweke mapema. Mimi ni muumini wa nishati safi ya kupikia, na imani hiyo sikuipata kwenye semina. Bibi yangu mzaa mama alipikia kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu alipoolewa, na miaka yake ya mwisho aliimaliza akikohoa usiku kucha, nasi tukiamini kwamba kikohozi ni sehemu ya uzee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania, takwimu ambayo serikali yenyewe imekuwa ikiitaja ni vifo takribani 33,000 kwa mwaka. Kwa hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia tarehe 8 Mei 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, niliona kwamba hatimaye jambo la jikoni limeingia kwenye meza ya wakubwa.

Ndiyo maana mtungi ule ulinisumbua. Kwenye vitabu, shangazi yangu amefikiwa. Ni mmoja kati ya walionufaika na mitungi ya ruzuku zaidi ya 450,000 iliyopangwa kusambazwa vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, na hakuna mtu aliyedanganya popote: mtungi aliupata, akautumia, akafurahi nao. Lakini kiashiria cha Lengo la 7 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, lile la nishati, ukikisoma kwa makini, hakiulizi kaya ina chombo gani. Kinauliza kaya inategemea hasa nishati ipi. Kati ya maswali hayo mawili kuna umbali, na shangazi yangu anaishi katika umbali huo.

India ilipita njia hii kabla yetu. Mwezi Mei 2016 ilianzisha mpango wa Ujjwala, uliotoa mitungi kwa majina ya wanawake wa kaya maskini, na kufikia Septemba 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa, kazi kubwa kwa miaka mitatu na ushee. Kisha mkaguzi mkuu wa hesabu wa nchi hiyo akatazama kilichofuata, akakuta kwamba wanufaika walikuwa wakijaza wastani wa mitungi kati ya mitatu na minne tu ya kilo 14.2 kwa mwaka, kiasi kisichotosha kaya inayopikia gesi peke yake. Kuni zilikuwa bado uani. Mwaka 2022 serikali ya India ilianza kuwapa wanufaika hao ruzuku maalumu ya rupia 200 kwa kila mtungi wanaojaza, na mwaka uliofuata ikaipandisha hadi 300. Ilichukua miaka sita hadi wanufaika wa chombo kupata ruzuku yao wenyewe ya kile kinachowaka ndani yake.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo nimegundua wasomaji wengi hulichanganya. Gesi ya mtungi siyo ile gesi asilia inayochimbwa hapa nchini, kule Songo Songo. Ile ya Songo Songo na Mnazi Bay hupita kwenye bomba na sehemu kubwa yake huzalisha umeme. Hii ya mtungi huletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake hupanda na kushuka kwa sababu ya mambo ambayo shangazi yangu hana namna ya kuyaona yakija.

## Nilipokumbuka Kilosa

Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya makala haya, yakiwa makala ya kudai kwamba serikali igharimie ujazaji wa gesi na mkaa ufukuzwe mijini haraka iwezekanavyo, nilipokumbuka msitu mmoja.

Nikaacha kuandika kwa siku tisa.

Dumila iko wilayani Kilosa, na upande wa kusini wa wilaya hiyohiyo, kuelekea Mikumi, kuna vijiji ambavyo tangu mwaka 2012 vilianza kuchoma mkaa kwa mpango, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu unaofahamika kama MJUMITA. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawaruhusu wanakijiji kutenga msitu wao wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato yake. Walichofanya ni kupima sehemu ndogo ya msitu huo na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, wakavuna kitalu kimoja na kuruka kinachofuata, hata ramani yake ikafanana na ubao wa drafti. Kitalu kilichovunwa hupumzishwa kwa miaka 24. Miti ya miombo ina neema ya pekee: kisiki kikikatwa vizuri na kisichomwe moto, huchipua chenyewe bila kupandwa wala kumwagiliwa.

Nilifika katika kimojawapo cha vijiji hivyo miaka kadhaa iliyopita kwa shughuli nyingine kabisa. Mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji alinipeleka kwenye kitalu cha zamani, na machipukizi yalikuwa yamenipita kimo. Alinionyesha tanuri lililokuwa likifuka polepole chini ya udongo, akanieleza jinsi kila mchomaji anavyolipia gunia kwa kijiji kabla halijapakiwa, na tuliporudi alipitia shuleni kwa makusudi, akagonga ukuta wa darasa kwa kiganja chake kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. "Huu ni mkaa," alisema. Nilipomuuliza itakuwaje siku watu wa mjini watakapoacha kuununua, alitazama kule tulikotoka.

"Msitu ukikosa bei, utakuwa shamba la ufuta."

Hakuwa akibashiri ovyo. Hotuba nyingi hutaja upotevu wa hekta zaidi ya 469,000 za misitu kwa mwaka nchini na kuunyooshea mkaa kidole, lakini watafiti waliokwenda kwenye maeneo yaliyofyekwa na kuangalia ni nini kilichokuja baada ya miti walikuta kwamba kilimo ndicho kinachoongoza, na mahindi yakiwa mbele ya mazao mengine. Mkaa huharibu msitu, hasa unaochomwa bila mpango, na huo ndio mwingi; mkaa mwingi unaofika Dar es Salaam hautoki kwenye vitalu vya drafti. Hata hivyo mahali ambapo kijiji kimeupa mti thamani ukiwa umesimama na ukiwa unachipua, kuiondoa thamani hiyo kwa amri kunaweza kumaliza msitu kwa jina la kuuokoa.

Sasa niliyaona malengo yamesimama yakitazamana. Upande mmoja nishati safi, afya, na saa za wanawake na watoto wa kike zinazopotea jikoni. Upande wa pili kipato cha kijiji, uhai wa msitu, na darasa lile. Nilikuwa nimezoea kuyaona yale malengo 17 katika mabango, kila moja na rangi yake, yamepangwa kama vigae visivyogusana.

Je, shangazi yangu aendelee kuvuta moshi ili mtoto wa kule kusini apate darasa? Hapana. Nimeligeuza swali hili mara nyingi na kila mara najibu hapana, kwa sababu ya bibi yangu. Lakini siwezi tena kusema hapana hiyo kana kwamba haina gharama, na sioni haki yoyote ya kuiacha gharama hiyo kwa mwanakijiji aliyefanya kila kitu alichoambiwa afanye.

## Milango mitatu ya Kenya

Jirani zetu wamelipitia jambo hili kwa uchungu wa aina nyingine. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisitisha uvunaji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, wakati mito ilikuwa imepungua na kilio cha misitu ya milimani kilikuwa cha haki. Mwezi mmoja kabla, Kaunti ya Kitui ilikuwa imepiga marufuku biashara ya mkaa. Septemba mwaka huohuo mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli na kuharibu injini za watu. Julai 2021 gesi ya kupikia, ambayo tangu 2016 haikuwa na kodi ya ongezeko la thamani, ikarudishiwa asilimia 16, kwa sababu hazina ilihitaji mapato.

Chukua kila uamuzi peke yake na utauona una hoja. Yaweke yote mikononi mwa mama wa Kibera au Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, kwa mfuatano huo, na utaona mkaa umepanda, mafuta ya taa yamepanda, gesi imepanda, na kila mlango umefungwa na ofisi tofauti ambayo haikutazama milango mingine. Kodi ya gesi ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023. Katikati ya hapo ugali uliendelea kupikwa kila siku, kwa chochote kilichopatikana.

## Maji ya Usangu

Ningetamani kuamini kwamba hili ni suala la majiko tu, lakini kumbukumbu inakataa.

Wakazi wa Dar es Salaam wa rika langu wanaukumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, jenereta kila mtaa na vinyozi wakikaa nje ya vibanda vyao. Bwawa la kuzalisha umeme la Mtera lilikuwa limepungukiwa maji mno, na lawama zilipanda mto hadi bonde la Usangu, mkoani Mbeya, ambako ilisemwa kwamba wafugaji na wakulima wa mpunga ndio waliokuwa wakiyamaliza maji ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Mwaka huo na uliofuata wafugaji waliondolewa na ng'ombe wao, wengi wakielekezwa mkoa wa Lindi, na wengine walipoteza mifugo njiani. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Watafiti wa maji waliochunguza bonde hilo walionyesha kwamba maji ya kiangazi kutoka Usangu ni sehemu ndogo ya yale yanayoijaza Mtera, na kwamba namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa nayo ilikuwa na mkono wake. Mto kukauka ni msiba wa kweli, na nilipouona mchanga wake mtupu mbugani nilisikitika sana. Lakini upungufu wa umeme uligeuzwa kuwa hukumu ya nani akae wapi, na hukumu hiyo ilitolewa kabla ya hesabu ya maji kukamilika. Mimi wakati huo nilikuwa mjini nikisubiri umeme urudi. Uliporudi nilishukuru, na sikuuliza umetokea wapi.

Kihansi nao tunaujua: mtambo wa megawati 180, na chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996 akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, wala si penginepo duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki la mtambo, manyunyu yakapungua sana. Ikabidi kujenga mfumo wa kunyunyizia maji mteremkoni, na mwaka 2000 karibu vyura 500 wakasafirishwa hadi Marekani ili kizazi kisipotee. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa. Nimeutaja mfano huu kwa sababu ni mahali pamoja ambapo mtu alikubali kuandika gharama ya umeme katika safu isiyo ya umeme, akaitafutia fedha.

## Uniti 75

Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa iliyokamilika mwaka 2025. Uwezo wa kuzalisha nchini umepita megawati 4,000, na mahitaji ya juu kabisa ni takribani nusu ya hapo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu tunao umeme unaotafuta mtumiaji. Bwawa hilo limejengwa katikati ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, na mto uleule unalisha mikoko ya delta na mashamba ya Rufiji, kwa hiyo sidhani kwamba gharama zake zote zimekwisha kuandikwa. Lakini limejengwa, na kuuacha umeme wake bila kazi kungekuwa kosa la pili.

Nikafikiri: basi shangazi yangu apikie umeme.

Mwezi uliopita nilirudi Dumila na jiko la presha la umeme, lile linalojizima lenyewe. Linauzwa zaidi ya shilingi laki moja, nami sijifanyi kwamba kila mpwa anaweza. Tulisoma pamoja mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, tukachemsha nusu kilo ya maharage, kisha tukaisoma tena. Haikufika uniti moja. Shangazi alihesabu kwa vidole, akaniangalia, akahesabu tena, kwa sababu sufuria ile ya maharage ilikuwa ikimla mkaa wa elfu moja na zaidi, pamoja na mchana mzima wa mjukuu kupepea. Maharage ndiyo chakula ambacho akina mama wengi hawathubutu kukipikia gesi.

Nilidhani kazi imekwisha. Kisha akaniambia kuhusu friji.

Ana friji dogo anamouzia barafu na maji ya baridi pale karibu na stendi, na kila usiku kuanzia saa nne hulizima. Nilidhani ni tahadhari ya moto. Alinifafanulia kwamba yeye ni mteja mdogo, anayenunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ilimradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, bei ya uniti huruka juu sana. Kwa hiyo analizima friji ili asivuke. Sasa nilikuwa nimemletea jiko la kuongeza takribani uniti moja kila siku.

Bei ile ya chini iliwekwa kwa nia njema, ili maskini aweze kuwasha taa, kuchaji simu na kusikiliza redio. Inamhesabia maskini mwangaza. Haikumhesabia sufuria, wala biashara ya barafu. Nchi inatafuta watu wa kutumia umeme wa Rufiji na inatafuta watu wa kuacha mkaa, na kwenye mita ya mwanamke mmoja anayetaka kufanya yote mawili kuna ukuta uliojengwa kwa huruma. Sidhani kwamba kuuondoa kunahitaji mkutano wa kimataifa. Kunahitaji watu wa bei ya umeme, watu wa nishati ya kupikia na watu wa misitu ya vijiji wakae chumba kimoja na daftari la matumizi la kaya moja, na wasitoke mpaka wamekubaliana kiasi gani cha uniti ni cha kupikia, nani anaifidia, na kijiji kinachopoteza soko la mkaa wake wa mpango kinalipwa nini kwa kuacha miti isimame.

## Siku nane

Kabla sijaondoka, shangazi alimtuma mjukuu akanunue mkaa wa elfu moja kwa mama wa nyumba ya tatu. Nilimuuliza wa nini tena, na jiko jipya lipo. "Wa chapati," alisema kwanza. Baadaye, tukiwa tunasubiri basi, alirudi kwenye jambo hilo mwenyewe. Yule mama ana watoto wawili sekondari, na wateja wake wa kila siku ni nyumba sita. Moja ni yake.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu kumjulia hali. Baada ya shikamoo na habari za wote, aliniambia kwamba kile kitambaa cheupe amekihamishia kwenye jiko la umeme, hulifunika usiku lisiingie vumbi, na mtungi ameutoa pembeni mwa kabati kwa sababu binti yake aliyeko Gairo anauhitaji. Nikamuuliza kuhusu friji.

"Subiri niangalie," alisema, nami nikasikia kandambili zake zikielekea ukutani kwenye mita. "Nimeshatumia sitini na nne. Mwezi una siku nane mbele."